Mkulima Awe wa Kwanza Kula



Desemba 2024 mgodi wa Base Titanium hapa Kwale ulisimamisha uchimbaji. Madini yaliisha. Hoteli za Diani nazo, msimu wa mvua ukifika na wageni wakipungua, huwarudisha wafanyakazi nyumbani. Kijana wetu aende wapi?

Watu hula kila siku. Na bado nyanya nyingi za masoko ya Pwani zinasafirishwa kutoka Taveta na Loitokitok. Ndiyo maana nawaunga mkono vijana wanaojifunza kilimo pamoja, hasa cha kivungulio. Mle ndani kijana anajifunza kazi: kukuza miche, kupima maji ya matone, kutambua mnyauko kabla haujamaliza mstari mzima, kupitisha hewa maana joto letu huangusha maua ya nyanya. Anajifunza pia kuandika kila shilingi. Ujuzi huo ataenda nao popote.

Lakini niseme ukweli, hata kama utatuuma sisi wazee. Vikundi vingi vya vijana haviuawi na wadudu. Hufa siku ya mavuno. Shamba ni la mzee na makubaliano yalikuwa ya mdomo. Nyanya zikiiva, mzee anataka shamba lake. Au pesa zinakaliwa na wakubwa, na kijana aliyebeba maji anaambiwa, "Hii ni huduma, Mungu atakulipa." Halafu tunalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawapendi jembe!

Soma 2 Timotheo 2:6. Paulo anamfundisha Timotheo kwamba aliyetokwa jasho shambani ndiye anayestahili kutangulia kuonja mavuno. Si mwenye shamba. Si mchungaji.

Mzazi, kama una nusu ekari imelala Msambweni au Lungalunga, wape vijana kwa maandishi, miaka 3, mbele ya mashahidi. Viongozi wa kanisa, daftari la hesabu lishikwe na vijana wenyewe, sisi tukague tu. Sadaka watatoa kwa hiari wakishalipwa.

Nawe kijana, mche hausubiri uamke saa nne. Kumbuka Adamu alikabidhiwa bustani aitunze kabla hajapewa mke!

Mwenye shamba lililolala, tuonane Jumapili baada ya ibada. Njoo na kalamu.