Vumbi la Kajiado na Maji ya Mvua

Watu wengi husema kwamba hapana maji safi kuliko maji ya mvua, maana hayajagusa ardhi. Neno hili lina kweli ndani yake, lakini maji hayo yamekwisha kugusa hewa, na hewa ya nchi kavu imebeba mengi. Hata tone lenyewe halianzi pasipo kitu: mvuke hushikamana na chembe ndogo sana ya vumbi, ya moshi au ya chumvi ya bahari, ndipo tone hupatikana. Likianguka, huokota chembe nyingine njiani.

Mvua isiyochafuliwa huwa na tindikali kidogo, kwa kuwa hunywa hewa ya kaboni dayoksaidi. Katika kipimo cha pH, ambacho 7 ndiyo kati, hufika kama 5.6. Moshi wa makaa ya mawe huishusha zaidi. Mskoti mmoja, Robert Angus Smith, alilieleza jambo hilo kwa mvua ya Manchester mwaka 1852.

Katika nchi kavu mambo yaweza kugeuka. Vumbi lake mara nyingi lina chokaa, na chokaa huua tindikali. Aliyepata kutia magadi katika maji ya ndimu ameona povu likifoka na ukali ukipungua. Kazi ni ile ile. Kaskazini magharibi ya Bara Hindi mvua imepimwa ikaonekana hivyo. Nasi Kajiado tuna mawe ya chokaa, tuna Ziwa Magadi, na jirani ya Kitengela, huko Athi River, viko viwanda vya saruji. (Akina mama wa Kitengela waanuao nguo jioni walijua vumbi hili kabla ya mtaalamu yeyote.)

Lakini mvua kukosa tindikali si kuwa safi. Kuanzia Juni hata Septemba mabati hupokea vumbi, kinyesi cha ndege na moshi wa malori ya barabara ya Namanga. Mvua ya kwanza ya vuli huyakokota yote mpaka ndani ya tangi. Kuchemsha huua vijidudu, wala hakuondoi madini.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 50, mvua ikinyesha milimita 10, hutoa lita 500. Milimita ya kwanza, yaani lita 50, ndiyo chafu kupita zote. Ni vigumu kumwambia mtu anunuaye maji kwa mtungi ayaache hayo. Basi asiyamwage, ayakinge kando kwa kuoshea sakafu na kunyweshea miti, kisha ndipo aurudishe mchirizi kwenye tangi.

Taabu hiyo ina faida, kwa sababu visima virefu vingi vya upande huu vina floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya watoto huota na madoa ya kahawia yasiyosuguka, na kwa miaka mingi mifupa nayo hudhurika. Kuchemsha hakuipunguzi. Maji ya mvua huwa na floraidi kidogo sana. Kwa hiyo tangi likiwa dogo, lifungiwe watoto wasiotimiza miaka minane, ambao meno yao yangali yakijengeka, na maji ya kisima yafulie nguo.