Deki ya Kwanza Iandike Mwenyewe

Nimechoka kusikia vijana wa hapa Ushirombo wakiambiwa wasubiri. Wasubiri shangazi arudi kutoka Ulaya na pakti mbili. Wasubiri wauze simu. Kijana anataka kuanza mchezo wa kadi za kifantasia, anauliza deki ya kwanza aijengeje, na wanaojiita wajuzi wana jibu moja tu: "Kanunue kadi orijino kwanza." Mimi nasema hapana. Chukua manila, mkasi na kalamu, andika deki yako mwenyewe, tena iandike kwa Kiswahili.

Nazungumzia Magic: The Gathering, mchezo alioubuni Richard Garfield na ulioanza kuuzwa 1993. Kwa msioujua: wachezaji wawili ni wachawi wanaopambana, kila mmoja ana uhai 20, na kadi alizoshika ndizo viumbe na uchawi wake. Najua wapo watakaoguna, eti huo ni mchezo wa watoto, fasihi inahusikaje? Inahusika kwa sababu kadi ni maandishi. Ina jina, ina sentensi mbili tatu za amri, na neno moja likikaa vibaya mnabishana mpaka taa inazimika.

Tuanze na hiyo habari ya kununua. Kwa miaka mingi pakti ya kawaida ilikuwa na kadi 15, na kadi adimu humo ni moja. Huioni mpaka ulipe na uchane. Jamani, sisi watu wa ukanda wa dhahabu tunaufahamu mchezo huo kuliko Wamarekani. Ni kushuka duarani. Unachimba, unabeba mawe mpaka kwenye karasha, na mara nyingi unachopata hakirudishi hata hela ya mafuta. Mwenye karasha yeye analipwa kila siku. Sasa kijana ambaye kaka yake ameshamaliza ujana wake akikimbilia rashi moja baada ya nyingine, wewe unamshauri hata burudani yake ianze na rashi?

Na huo uorijino wenyewe ni nini? Mwaka 2022, katika kuadhimisha miaka 30 ya mchezo, kampuni ya Wizards of the Coast iliuza toleo la pakti nne kwa dola 999. Pakti nne za kadi 15 ni kadi 60, na kadi hizo haziruhusiwi kwenye mashindano rasmi. Soma tena hapo. Mbele ya mwamuzi, kadi za dola 999 na kadi zako za manila zinakaa benchi moja. Ila za manila umezichagua mwenyewe, hukubahatisha.

Mtaniuliza: na haki za wasanii je? Ni swali la maana. Kughushi kadi na kuziuza ni wizi, sina utetezi. Lakini kuandika kwa mkono ili ucheze na jirani yako si biashara. Kampuni yenyewe ilitamka mwaka 2016 kwamba haina nia ya kuwaandama watu wanaojitengenezea kadi za majaribio kwa matumizi binafsi. Basi sisi tusiwe wakali kuliko mwenye mali.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwaka 1996 walitoa seti iitwayo Mirage, iliyowekwa Jamuraa, nchi ya kubuni yenye sura ya Afrika. Pitia orodha ya kadi zake ukutane na maneno ya nyumbani: Burning Shield Askari. Shauku, Endbringer. Teremko Griffin. Askari wao amepanda farasi. Sawa, fantasia ina ruhusa zake. Lakini kuna Ekundu Griffin. Ekundu nini? Ngeli iko wapi? Na katika mchezo ambao kadi nyingi zina rangi zake, huyo Ekundu ni kadi nyeupe! Mchezo huu umechapwa kwa Kijapani, Kirusi, Kikorea, Kijerumani na lugha nyingine kadhaa. Kwa Kiswahili haujachapwa. Maneno yetu waliyaokota kama shanga za mapambo, na wasomaji wetu hawakuwamo kwenye hesabu.

Ndiyo maana nasema andika. Unapoandika unalazimika kuamua. Kiumbe mwenye mabawa, utasema "huruka"? Chura naye huruka. Sema "hupaa". Kadi iliyokwisha kutumika inageuzwa ubavu. Vijana wa hapa wanasema "imelala", na sijasikia neno zuri zaidi. Uchawi wa mpinzani ukizuiwa kabla haujafanya kazi, je, umebatilika au umezimwa? Kazi hiyo hakuna pakti itakayokufanyia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Deki ni kadi 60 kwa uchache. Andika ardhi 24, kwa sababu ardhi ndiyo inayolipia kila kitu: Tambarare, Kisiwa, Kinamasi, Mlima, Msitu. Chagua mbili tu kati ya hizo. Zinabaki kadi 36: aina tisa, kila aina nakala nne, na nne ndiyo kikomo. Aina sita ziwe za bei ya ardhi moja mpaka tatu. Mbili ziwe za ardhi nne. Joka la ardhi sita liwe aina moja, basi. Kila anayeanza hukosea hapo hapo, anajaza majoka, halafu anakaa zamu tano akitazama tu huku vidudu vya mwenzake vinammaliza.

Ukishaandika hizo tisa na kuzicheza, utakuwa umeijua sarufi ya mchezo, na hapo utaanza kuandika zako. Bibi zetu walitusimulia Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote akabaki mama mmoja mjamzito, aliyemzaa Masala Kulangwa. Haya, Shing'weng'we gharama yake ni ardhi ngapi? Akifa, aliowameza wanarudi wote au wa upande wako tu? Mimi nimempa ardhi nane. Kijana mmoja hapa anashikilia kwamba ni sita, na tunabishana tangu Jumapili.