Kiu ya George Harrison na Maswali Yanayotuhusu



Kijana akiacha kuja kanisani, huwa tunasema amevutwa na dunia: fedha, muziki, anasa na umaarufu. Tukishasema hivyo tunaona tumemaliza. Maisha ya George Harrison, mpiga gitaa wa kundi la The Beatles la Uingereza, hayaingii katika maelezo hayo. Yeye aliipata dunia yote akiwa bado kijana, na baada ya kuipata ndipo alipoanza kumtafuta Mungu kwa bidii. Linalotugusa ni kwamba hakuja kumtafuta kwetu, ingawa alibatizwa Mkatoliki.

Harrison alizaliwa Liverpool tarehe 25 Februari 1943, mtoto wa mwisho kati ya wanne. Baba yake alikuwa dereva wa basi, na mama yake, Louise, alikuwa Mkatoliki mwenye asili ya Ireland. George alipokea Komunyo ya Kwanza, lakini Kipaimara alikikwepa. Ukubwani alisimulia jinsi mapadre walivyopita nyumba kwa nyumba mtaani kwao kukusanya fedha. Kumbukumbu hiyo haikumtoka.

Mwaka 1958 alijiunga na John Lennon na Paul McCartney. Ringo Starr, mpiga ngoma, aliingia mwaka 1962. Februari 1964, siku chache kabla Harrison hajatimiza miaka 21, watu wapatao milioni 73 nchini Marekani waliwatazama kwenye televisheni katika usiku mmoja.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, anauliza kama heri ya mwanadamu imo katika mali, heshima, sifa, madaraka au raha za mwili. Kila mara anajibu kwamba haimo humo. Sisi tunaisoma hoja hiyo darasani na kuijibia mtihani. Harrison aliipitia katika maisha yake. Kufikia Agosti 1966 kundi lilikuwa limechoshwa na vurugu za mashabiki, likaacha kabisa ziara za maonyesho. Mwezi uliofuata yeye alikwenda India kujifunza ala ya sitar kwa Ravi Shankar, na huko akavutwa na tafakari na sala za Kihindu.

Ndani ya kundi nako amani ilipungua. Lennon na McCartney ndio walioandika nyimbo nyingi, na Harrison aliachiwa nafasi ya wimbo mmoja au mbili katika albamu. Tarehe 10 Januari 1969 aliondoka katikati ya mazoezi, akarudi baada ya siku kadhaa. Aprili 1970 ilitangazwa kwamba McCartney amejitoa, na siku ya mwisho ya mwaka huo McCartney alifungua kesi ili ubia wao uvunjwe. Marafiki waliokua pamoja walifikishana mahakamani.

Novemba 1970 Harrison alitoa All Things Must Pass, albamu ya santuri 3. Baadhi ya nyimbo zake ni zile ambazo kundi halikuzipa nafasi. Wimbo uliovuma zaidi, My Sweet Lord, ni sala ya mtu anayetamani kumwona Mungu, nao ulishika namba 1 Uingereza na Marekani. Ndani yake Aleluya inaitikiwa pamoja na majina ya Kihindu ya Mungu. Katika albamu hiyohiyo kuna wimbo unaomkejeli Papa kwa habari ya mali. Tarehe 1 Agosti 1971, yeye na Shankar walifanya maonyesho mawili New York kwa ajili ya wakimbizi wa Bangladesh.

Hatumfanyi mtakatifu. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika, mwaka 1976 mahakama iliamua kwamba My Sweet Lord iliiga wimbo wa wengine bila yeye kujitambua, na filamu aliyoigharimia, Life of Brian, iliwakwaza Wakristo wengi. Lakini kiu yake haikukoma mpaka alipofariki tarehe 29 Novemba 2001, akiwa na miaka 58.

Tutazame alichokifuata. Alisali kwa kuhesabu shanga. Kanisa lililombatiza lina Rozari Takatifu. Alitafuta ukimya na muungano na Mungu. Kanisa lina wamonaki, lina Mtakatifu Teresa wa Avila na Mtakatifu Yohane wa Msalaba. Hazina hiyo yote ilikuwepo Liverpool pia, lakini picha aliyobaki nayo kichwani ni ya padre anayekusanya fedha.

Wapo watakaosema kwamba alichagua mwenyewe, na ni kweli mtu ana uhuru wake. Wengine watasema basi dini zote ni sawa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano haukusema hivyo. Hati ya Nostra Aetate ya mwaka 1965 inautaja Uhindu kwa jina na kufundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini hizo. Papo hapo inasisitiza kwamba Kanisa lina wajibu wa kumtangaza Kristo bila kukoma. Basi anapoondoka mtu mwenye kiu, wajibu huo unatuuliza sisi.

Tusijidanganye. Kuna Dominika ambazo matangazo ya michango huchukua muda mrefu kuliko homilia. Michango ni halali, na Kanisa ni letu kulitegemeza. Lakini kijana asiyesikia jingine ataondoka na hilo. Katekisimu inakaririshwa mpaka siku ya Kipaimara, kisha daftari linafungwa. Anayeuliza swali gumu kuhusu Mungu huambiwa asikufuru. Nasi mafrateri, tunapokwenda parokiani wakati wa likizo, ni rahisi kuwaandalia vijana bonanza na kusahau kuwafundisha kusali.

Tunapendekeza mambo ya kawaida tu: nusu saa ya kuabudu Ekaristi Takatifu kwa ukimya kila wiki pamoja na vijana, masomo ya Dominika kusomwa polepole na kutafakariwa katika jumuiya ndogondogo, na frateri au katekista aliye tayari kuketi na kijana mwenye maswali bila kumkemea. Hayo hayahitaji bajeti.

Harrison alifariki mwezi Novemba, mwezi tunaowaombea marehemu wote. Tumkumbuke naye katika sala zetu, kisha tuwatafute kwa majina vijana waliobatizwa parokiani kwetu ambao hatujawaona tangu Komunyo ya Kwanza.