Zawadi ya Mgeni Hulipwa na Mwenyeji

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku hizi wanaoielewa methali hii kutushinda sisi wanafunzi wa Kiswahili ni wenye mabenki. Mteja mpya akifika hupokewa kwa vifijo: mara mwavuli, mara fulana, mara miezi kadhaa bila ada, na katika nchi nyingine hupewa hata pesa taslimu. Mteja wa miaka kumi naye yuko pale pale kwenye foleni, jembe begani, hakuna anayemwuliza hali.

Wasomaji wapenzi, muhula uliopita chama chetu kilikuwa na mjadala. Hoja ilikuwa: "Anayehamahama benki kwa ajili ya zawadi hana uaminifu." Mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono. Nilinguruma kama simba, nikawaita watu hao vinyonga, nikapigiwa makofi, tukashinda. Leo nimeshika kalamu kukiri kwamba tulishinda kwa hoja mbovu.

Sababu ni hii. Nilipofunga shule nilimkuta Mama na fomu mezani. Vijana wawili wa benki fulani walikuwa wamepita sokoni anakouza mboga. Ati akiitoa akiba yake yote aliko na kuipeleka kwao, atapata mwavuli mkubwa, na kwa miezi sita hatakatwa ada ya akaunti. Mama huweka akiba yake katika SACCO, na huu ni mwaka wa tisa. Humo ndimo karo yangu hutoka. Akaniuliza, "Wewe uliyesoma, unaonaje?"

Kabla sijajibu, jioni hiyo Shangazi akapiga simu kutoka Uingereza, anakofanya kazi ya uuguzi. Mama alipomsimulia habari za mwavuli, Shangazi alicheka sana. Akasema yeye amehama benki mara mbili katika miaka mitatu, na kila mara amelipwa. Isitoshe, pesa za mara ya pili ndizo zilizomalizia karo yangu ya mwaka jana. Jamani! Kumbe nilipokuwa nikiwatukana vinyonga mbele ya shule nzima, nilikuwa nimekaa juu ya dawati nililolipiwa na kinyonga mmoja!

Hebu tutazame mambo yanavyokwenda huko. Uingereza kuna utaratibu rasmi wa kuhamisha akaunti, ulioanza Septemba 2013. Mtu haendi kuaga benki ya zamani. Huiambia benki mpya tu, na katika siku 7 za kazi kila kitu huwa kimehamishwa: salio, pamoja na malipo yanayokatwa kila mwezi kama vile ya umeme na maji. Akaunti ya zamani hufungwa. Pesa zikitumwa kule kwa bahati mbaya, huelekezwa kwenye akaunti mpya. Na kosa likitokea katika kuhama, mteja hurudishiwa ada na riba alizotozwa kwa sababu ya kosa hilo.

Maadamu kuhama ni rahisi hivyo, mabenki hugombania wateja. Aghalabu zawadi huwa kati ya pauni 100 na 200, yaani zaidi ya shilingi elfu kumi za kwetu. Lakini si za bure hivi hivi. Sharti uhame kwa utaratibu huo rasmi, uingize kiasi fulani cha pesa katika muda uliowekwa, mara nyingi uwe na malipo mawili ya kila mwezi yanayokatwa humo, na mara nyingi usiwe na akaunti kwao tayari wala usiwe umewahi kupokea zawadi yao. Ukikosa sharti moja, huna chako. Tena kila unapoomba akaunti mpya, rekodi zako za mikopo huweza kuchunguzwa na alama ikabaki. Mtu anayetaka kuomba mkopo wa nyumba hashauriwi kurukaruka.

Sasa swali: kwa nini benki itoe pesa? Benki si Baba Krismasi. Inajua kwamba binadamu ni mvivu wa kuhama. Akishaleta mshahara wake atakaa miaka na mikaka. Pesa zinazolala kwenye akaunti yake ya kawaida hupata riba ndogo au hazipati kabisa, huku benki ikizikopesha kwa riba nono. Siku akitaka mkopo, atauomba hapo hapo. Kwa hivyo zawadi ni chambo, na chambo hutolewa kwenye faida inayotokana na wateja wote, wakiwemo wale waliolala. Zamani tulisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa wameigeuza: mgeni njoo, mwenyeji alipe!

Si maneno yangu ya chuki. Huko huko Uingereza, kampuni za bima ya nyumba na ya gari zilikuwa na mtindo wa kumpa mteja mpya bei nafuu, kisha kumpandishia yule anayerudi mwaka hadi mwaka. Aliyekaa zaidi ndiye aliyelipa zaidi. Mtindo ulizidi hata mamlaka inayosimamia shughuli za fedha ikaupiga marufuku kuanzia Januari 2022. Mamlaka hiyo isingehangaika na jambo hilo kama uaminifu wa mteja ungekuwa ukituzwa.

Kwa hivyo, kwa maoni yangu, hoja yetu ya mjadala ilianguka hapo. Uaminifu ni wa pande mbili. Mtu humwaminia rafiki, mzazi, mwalimu na jirani, kwa kuwa nao wanamjali. Shangazi hakumdanganya mtu yeyote. Walitangaza masharti, akayasoma, akayatimiza, akachukua chake. Kosa lake liko wapi, bana?

Basi mtauliza, kama ni hivyo mbona sikumwambia Mama akimbilie mwavuli? Hapa ndipo penye kiini cha makala yangu. Tulikaa na karatasi tukapiga hesabu. Ada waliyoahidi kumsamehe ilikuwa shilingi 150 kwa mwezi. Kwa miezi sita ni shilingi 900. Mwavuli kama ule sokoni ni shilingi 500. Jumla, shilingi 1,400.

Upande wa pili, akiba ya Mama katika SACCO ilikuwa shilingi 60,000. SACCO yake humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake akipata wadhamini, yaani shilingi 180,000. Akiitoa akiba hiyo, mlango huo unafungwa. Kule benki angekuwa mgeni asiyejulikana, na mboga sokoni hazina hati ya mshahara. Fauka ya hayo, Mama mwenyewe ni mdhamini wa akina mama wawili waliokopa. Hawezi kuondoka mpaka wamalize kulipa au wapate mdhamini mwingine. Je, awaachie wenzake mzigo kwa sababu ya mwavuli?

Mnaona tofauti? Shangazi alipohama hakuacha kitu nyuma. Salio lake lilimfuata na malipo yake yakamfuata. Mama angeacha miaka tisa ya kujulikana, na kujulikana hakuna fomu ya kukuhamisha. Shangazi alihama benki. Mama angehama watu.

Wanafunzi wenzangu, tukimaliza kidato cha nne wengi wetu tutafungua akaunti zetu za kwanza. Tutaitwa huku na huku: laini hii ina zawadi, benki ile ina ofa, programu ya mikopo ya simu inakukaribisha kwa tabasamu. Tusikubali kupumbazwa na swali moja tu la "Nitapewa nini?" Tuulize na mengine mawili: "Masharti ni yapi, na baada ya hiyo miezi sita nitakatwa kiasi gani?" Halafu lile kubwa kuliko yote: "Nitaacha nini?" Ukiona unaacha foleni na jembe tu, hama, tena hama mchana kweupe bila kuona haya. Ukiona unaacha watu waliokudhamini, tulia.

Nao wakubwa wetu wa mabenki nina neno kwao. Hapa Kenya mtu ameweza kuhama mtandao wa simu na nambari yake ile ile tangu mwaka wa 2011. Lakini ukitaka kuhamisha mshahara na malipo yako kutoka benki moja hadi nyingine, wewe ndiwe tarishi: fomu hapa, barua kwa mwajiri pale, foleni ya kufunga akaunti kule. Kwa nini tusiwekewe utaratibu kama ule wa siku 7? Mteja anayeweza kuondoka kwa urahisi ndiye anayeheshimiwa. Asiyeweza kuondoka huzawadiwa mwavuli siku ya kwanza na kusahaulika siku zote.

Mama aliwarudishia vijana wale fomu yao bila kuijaza. Mvua ilipoanza alijinunulia mwavuli kwa shilingi 500. Nao wenzangu wa upande wa kupinga nawapa mkono: ushindi ule ulikuwa wenu.

Kiswahili kitukuzwe!