Chama cha vipodozi kitamsemea nani Buha?

Mwaka 2019 kazi ya kudhibiti vipodozi ilihamishwa kutoka Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwenda Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mwagizaji mwenye ofisi Dar es Salaam alijua mlango wa kubisha. Huku Buha, mkoani Kigoma, mama anayepika sabuni ya mawese Kasulu, au kikundi cha Kibondo kinachoyeyusha nta ya nyuki kutengeneza mafuta ya kujipaka, wangemuuliza nani? Hapo ndipo chama cha wenye vipodozi kinapohitajika: kisome kanuni mapema, kizieleze kwa lugha ya gulioni, kipeleke malalamiko panapohusika.

Ila vyama vya namna hii vina tabia ya kuwasikiliza wenye ada kubwa. Marekani wana chama cha watengenezaji tangu 1894. Mwaka 1976 chama hicho kilianzisha jopo la wataalamu wa kupima usalama wa viambato, na gharama zake zinalipwa na sekta yenyewe. Kazi ya jopo si ya kubezwa. Hata hivyo, sheria ya vipodozi ya 1938 ilikaa bila mageuzi makubwa hadi Desemba 2022, na ndipo serikali ilipopata nguvu ya kuamuru bidhaa hatari ya kipodozi iondolewe sokoni. Miaka 84! Aliyeumizwa na krimu hakuwa na chama.

Huku kwetu ubishi ni mkali zaidi kwa sababu ya mkorogo, yaani krimu za kujichubua ngozi. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kuviondoa vipodozi vyote vilivyoongezwa zebaki ifikapo 2025. Lakini Kibondo na Kasulu ziko jirani na Burundi, na mpaka ni mrefu kuliko macho ya wakaguzi. Mwenye duka anayekataa kuuza kikopo kisicho na lebo humpoteza mteja kwa jirani yake asiyejali. Chama chenye meno kingemfukuza huyo wa pili na kumtaja hadharani. Upekuzi na adhabu vibaki kwa TBS; mfanyabiashara asijihukumu mwenyewe.

Mtengenezaji mdogo naye si malaika. Sabuni iliyozidishwa kostiki huchoma ngozi, hata ikiitwa ya asili. Anahitaji mizani, mafunzo na kipimo cha maabara kabla ya hotuba za uzalendo wa bidhaa. SIDO ipo kwa ajili ya viwanda vidogo, na barua yake ya utambulisho humfungulia mjasiriamali njia ya kuomba nembo ya TBS. Chama kianzie hapo, kwa kupitia vikundi vya wilayani, kila kikundi kikiwa na kura yake.

Ada ikipangwa kwa kipimo cha kiwanda cha Dar es Salaam, na vikao vyote vikafanyika huko huko, watengeneza sabuni wa Buha wasijiunge. Waunde chama chao.