Bei ya Sanduku si Bei ya Sauti

Katika miaka ya karibuni imeenea katika maduka ya vyombo vya muziki bidhaa ya namna yake. Ni sanduku moja ambamo zimekusanywa kazi zilizokuwa zikifanywa na mitambo mitatu au minne. Sanduku hilo linapokea muziki kutoka kwenye intaneti, linaugeuza kutoka tarakimu kuwa mawimbi ya umeme, kisha linauongezea nguvu ya kusukuma spika. Mwenye nyumba hahitaji tena rundo la mitambo na msitu wa nyaya. Anaunganisha spika mbili, anashika simu yake, na muziki unalia.

Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeupinga urahisi huo. Linalohitaji kuchunguzwa ni bei. Kampuni ya Naim ya Salisbury, Uingereza, ilipotoa amplifaya yake ya Uniti Atom mwaka 2017, yenye wati 40 kwa kila spika, iliiuza kwa kiasi cha pauni 1,600. Mwaka 2023 kampuni ya WiiM ilitoa amplifaya yenye kazi za namna hiyo hiyo, yenye wati 60 kwa kila spika, kwa dola 299 za Marekani. Bei ya moja ni mara kadhaa ya bei ya nyingine. Je, tofauti hiyo inalipia kitu gani?

Jibu la kwanza la wauzaji ni kwamba inalipia sauti. Wanasema mitambo ya ghali inacheza muziki wa kiwango cha juu mno, unaopita ule wa diski za CD zilizoingia sokoni mwaka 1982. Diski hizo huchukua sampuli 44,100 za sauti kwa kila sekunde. Kwa kanuni za hesabu, kiasi hicho kinatosha kubeba mitetemo hadi 22,050 kwa sekunde, wakati sikio la kijana mwenye afya njema husikia hadi kama 20,000 tu, na la mzee hupungukiwa zaidi. Mwaka 2007 Wamarekani wawili, Meyer na Moran, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Waliwasikilizisha watu muziki wa kiwango cha juu, na muziki huo huo ukiwa umeshushwa hadi kiwango cha CD, bila kuwaambia upi ni upi. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Mtu anayerusha sarafu juu angepata kiasi hicho hicho.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya majaribio mengi ya aina hiyo na kukuta kwamba wasikilizaji walipatia kwa asilimia 52.3. Basi tofauti huenda ipo, lakini ni ndogo kiasi cha kutafutwa kwa taa mchana. Tena ina gharama yake. Muziki wa kiwango cha CD usiobanwa hutumia megabaiti zipatazo 635 kwa saa moja. Ule wa kiwango cha juu kabisa kinachotangazwa sana hutumia zaidi ya gigabaiti 4. Kwa msikilizaji wa Dar es Salaam au Mwanza anayenunua intaneti kwa vifurushi, maana yake ni kulipa zaidi ya mara sita kwa kitu ambacho sikio lake halikitambui.

Jibu la pili ni nguvu. Hapa napo hesabu inawaumbua. Ukiongeza wati maradufu, sauti inapanda kwa desibeli 3 tu. Ili sikio lione kwamba sauti imekuwa mara mbili, zinahitajika desibeli kama 10, yaani nguvu mara kumi. Kwa hiyo kati ya wati 40 na wati 60 hakuna jambo kubwa, na katika sebule ya kawaida zote zinatosha. Amplifaya iliyoundwa vizuri, isiyolazimishwa kupita uwezo wake, hutimiza wajibu wake bila kuubadili muziki.

Kinachoubadili muziki kwa kiasi kikubwa ni spika na chumba chenyewe. Mtaalamu Floyd Toole, aliyefanya utafiti kwa miaka mingi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, alionyesha kwamba wasikilizaji wasioona spika wanayoisikiliza hukubaliana kwa kiasi kikubwa ipi ni nzuri. Hivyo, mwenye fedha kidogo aziweke katika spika, kisha atandike zulia na kutundika pazia zito.

Je, bei kubwa hainunui kitu chochote? La hasha! Inanunua kazi ya mikono ya mafundi, kasha madhubuti na, kwa kampuni zenye heshima, ahadi ya matengenezo. Kampuni ya Linn ya Scotland inatengeneza hadi leo vipuri vinavyoingia katika gramafoni yake ya LP12, ambayo ilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mtu aliyenunua chombo kama hicho hakuibiwa. Alilipa mara moja, akarithisha watoto wake.

Lakini hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Gramafoni haimwombi mtu ruhusa ili ilie. Sanduku la intaneti linaishi kwa programu, na programu hiyo iko mikononi mwa kampuni. Januari 2020 kampuni ya Sonos ya Marekani ilitangaza kwamba kuanzia Mei mwaka huo baadhi ya vyombo vyake vya zamani havitapata tena programu mpya. Wateja wakachachamaa. Vyombo vilikuwa vizima, na wenyewe walikuwa wamevilipia kwa jasho lao. Lakini umri wake uliamuliwa katika ofisi wasizozijua. Huu ni umiliki wa namna gani, ambao mnunuzi anamiliki bati na muuzaji anamiliki uhai?

Upo mfano mwingine, nao unatia moyo. Kampuni ya Logitech iliacha kutengeneza vyombo vyake vya Squeezebox mwaka 2012, na mwaka 2024 huduma yake ya intaneti ya vyombo hivyo ikafungwa. Hata hivyo havikufa. Programu inayoviendesha ilikuwa wazi kwa umma, hivyo watu wa nchi mbalimbali wanaitunza kwa kujitolea, kwa jina la Lyrion. Kilichoviokoa ni ushirikiano wa watumiaji, na kilichowezesha ushirikiano huo ni programu isiyofungiwa kabatini.

Kutokana na hayo, msimamo wangu ni huu. Anayetaka muziki mzuri atenganishe kinachozeeka polepole na kinachozeeka haraka. Anunue amplifaya imara na spika nzuri, ambazo zinaweza kumtumikia miaka ishirini au thelathini, kisha achomeke kando yake kipokezi cha intaneti cha bei nafuu. Kikifa, atakitupa hicho peke yake. Anayeng'ang'ania sanduku moja la bei kubwa amwulize muuzaji maswali matatu kabla ya kufungua mkoba: programu itahudumiwa kwa miaka mingapi, ahadi hiyo imeandikwa wapi, na je, chombo kitaendelea kulia siku intaneti ya kampuni itakapofungwa?

Ubepari hustawi kwa kumfanya mtu aone aibu kuwa na kinachomtosha. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sikio halisomi bei, nasi tusikubali kulisomea.