Homa Ikipita, Mkojo Upimwe

Mgonjwa wa dengi akishashuka homa na chembe sahani zake zikianza kupanda, faili lake hufungwa. Huambiwa anywe maji mengi, apumzike, na akifika nyumbani amwage maji yaliyotuama kwenye matairi na ndoo, maana mbu wa dengi huzaliana humo. Figo zake hakuna anayeziuliza. Nadhani tunafunga mafaili hayo mapema mno. Kila aliyelazwa kwa homa ya virusi vinavyoenezwa na mbu angepaswa kupimwa mkojo na kreatinini, taka ya damuni inayoonyesha figo zinachuja kiasi gani, kabla ya kuruhusiwa, kisha arudi kupimwa tena baada ya miezi mitatu, muda ambao madaktari huutumia kutenganisha jeraha la figo linalopona na ugonjwa uliokwisha kuota mizizi.

Ushahidi ulioamsha mjadala huu ulitoka Marekani, ingawa kirusi chenyewe kiligunduliwa huku kwetu. Kirusi cha West Nile kilipatikana mara ya kwanza mwaka 1937 katika damu ya mwanamke mwenye homa kaskazini mwa Uganda, katika wilaya iliyokipa jina. Mwaka 1999 kiliibuka New York, na mwaka 2002 kilikuwa kimefika Houston, Texas. Watafiti wa Houston walikataa kuachana na wagonjwa wao baada ya kupona, wakawa wanawaita kuwapima mwaka baada ya mwaka. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2012, kati ya watu 139 waliochunguzwa, asilimia 40 walikuwa na dalili za ugonjwa sugu wa figo. Wengi walikuwa katika hatua za mwanzo, ambazo mtu hahisi chochote, anakwenda kazini na kurudi kama kawaida. La kushangaza zaidi, kisukari na shinikizo la damu, watuhumiwa wetu wa kila siku, havikuonekana kuwa ndiyo sababu. Kilichohusiana na ugonjwa huo ni ukali wa maambukizi: walioathirika zaidi ni wale ambao virusi vilishambulia ubongo na mishipa yao ya fahamu.

Utafiti huo una mapengo, na wanaoupinga hawapingi kwa ubishi tu. Hali ya figo za watu wale kabla ya kuumwa haikujulikana vizuri, na hawakulinganishwa na kundi la wakazi wa Houston ambao hawakuwahi kuambukizwa. Isitoshe, watafiti haohao waliwahi kuripoti mwaka 2010 kwamba walikuta chembechembe za urithi za kirusi katika mkojo wa watu watano kati ya 25, miaka kadhaa baada ya kuugua. Wengine walipotafuta kwa wagonjwa wa kwingineko, hawakuona kitu. Kwa hiyo dhana kwamba kirusi hujificha kwenye figo kwa miaka mingi sitaiegemea. Lakini pendekezo langu halisimami juu ya dhana hiyo. Figo iliyojeruhiwa wakati wa homa inaweza kubaki na kovu hata kama kirusi kimeondoka zamani.

Na kwamba figo hujeruhiwa wakati wa homa, hapo hakuna mzozo. Protini katika mkojo ni dalili ya homa ya manjano inayojulikana tangu enzi za madaktari wa zamani, na wagonjwa mahututi wa homa hiyo hufa figo zikiwa zimezima. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa kwanza Kenya karibu na Naivasha, ilivuka kwenda Saudi Arabia na Yemen mwaka 2000. Miongoni mwa wagonjwa 165 waliolazwa katika hospitali moja ya Jizan, Saudi Arabia, takriban wawili kati ya kila watano figo zao zilishindwa kazi. Hao, bila shaka, walikuwa wagonjwa wa hali mbaya, na si picha ya kila aliyeumwa na mbu. Dengi kali nayo hufanya mishipa midogo ya damu ivujishe majimaji, damu ikapungua nguvu ya kufika kwenye figo, na figo isiyopata damu haichuji.

Kwetu balaa hilo huongezwa na duka la dawa. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa akiwa na homa na viungo vinavyouma, hupimwa malaria. Kipimo kikionyesha hana, mara nyingi ataambiwa ni UTI au taifodi. Huondoka na diklofenaki ya maumivu, na pengine akachomwa antibiotiki ya jentamaisini. Dawa ya kwanza hupunguza damu inayoingia kwenye figo, hatari hasa kwa mtu aliyekaukiwa maji. Ya pili inaweza kuumiza figo yenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri parasetamoli kwa mgonjwa wa dengi, na linakataza aspirini na ibuprofeni kwa sababu ya hatari ya kutokwa damu. Atakayesema kwamba basi kosa ni la dawa, si la mbu, ana sehemu ya ukweli. Ila mgonjwa ni yuleyule, na kipimo kilekile kitamwona bila kujali aliyemuumiza ni nani.

Kuna wanaouliza fedha zitatoka wapi. Mlipuko wa dengi wa mwaka 2019 Tanzania ulithibitishwa kwa watu zaidi ya 6,000; kuwafuatilia wote ni ndoto. Ndiyo maana nasema waanze waliolazwa, ambao ni wachache zaidi na ndio walio hatarini. Kipimo cha mkojo si kigeni. Wakunga wa kliniki za wajawazito wanakijua: kijiti cha plastiki chenye viraka vya rangi huchovywa kwenye mkojo, na baada ya dakika moja kiraka cha protini, kilichokuwa cha njano, hugeuka kijani kama protini ipo. Vijiti huisha, hilo linajulikana, lakini kuviagiza ni kazi ndogo kuliko kumsafisha mtu damu mara mbili au tatu kwa wiki, kila mara kwa saa kama nne, hadi apate figo ya kupandikizwa. Hospitali ya Muhimbili ilianza upandikizaji huo mwaka 2017, na si kila anayehitaji ana ndugu wa kumpa figo au fedha za kungojea. Kreatinini ni gharama zaidi kwa kuwa inahitaji damu na maabara, na tena huchelewa kusema: figo inaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake kabla namba hiyo haijapanda waziwazi. Kwa hiyo kijiti kina kazi yake hata pale maabara ipo.

Inabaki kasoro moja ya kitaalamu. Homa yoyote kali inaweza kuleta protini kwenye mkojo kwa siku chache kisha ikaisha yenyewe, hivyo kipimo cha siku ya kuruhusiwa peke yake kinaweza kumtisha mtu bure. Kinachotoa jibu ni kile cha miezi mitatu baadaye, na mtu aliyekwisha kupona harudi hospitali kwa kukumbuka tu. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi ya kuruhusiwa, pamoja na jina la kituo kilicho karibu na kwake, na kituo hicho kipelekewe orodha ya wanaopaswa kurudi.